Namba Arobaini na Tatu

Sajini Gaudensi Mapunda alikuwa na cheti cha kompyuta. Wiki sita, Dar es Salaam, mwaka 2001, muhuri na saini, na fremu aliyoinunua mwenyewe. Kilining'inia ukutani juu ya kompyuta pekee ya ofisi ya upelelezi Mtwara. Asubuhi ile ya Jumanne, mwisho wa Mei 2003, Mwalimu Pendo Lyimo, aliyefundisha kompyuta chuoni, alikisoma kuanzia juu mpaka chini, akavuta kiti, akasema:

"Haya, nionyeshe ulichofanya."

Gaudensi akabofya faili la mwisho kwenye disketi, lenye jina MM.7.42. Ikafunguka Paint, ile programu ya kuchorea, ikatoa maneno yake yale yale ya miezi miwili, kwamba haiwezi kulisoma faili hilo.

"Limeharibika," alisema. "Hili la mwisho likikataa, yote arobaini na mawili yamekataa. Niliandika hivyo kwenye taarifa."

"Siku ya kwanza ulipolibofya, kompyuta haikukuuliza kitu?"

"Iliniuliza nichague programu."

"Ukachagua Paint."

"Ndiyo niliyoijua vizuri."

Mwalimu Pendo alikitazama tena kile cheti, kisha kwa adabu ya mgeni akarudisha macho kwenye kioo. Kuuliza si ujinga, wanasema, ila kwa mtu mwenye fremu ukutani kuuliza ni kazi nzito, na uzito huo ulikuwa umeigharimu kesi miezi miwili.

Kwenye benchi karibu na mlango alikaa Husna Bakari. Alikuwa akija kila Jumanne tangu Machi. Mumewe, Hashimu Nampoto, alikuwa karani wa masjala katika Mradi wa Mikoko, mtunza majalada wa ofisi yenye watu wawili. Tarehe kumi na moja Machi alipanda mtumbwi kwenye mdomo wa Ruvuma kupeleka barua kijiji cha ng'ambo ya mkondo. Mtumbwi ulikutwa kesho yake umepinduka kwenye mikoko. Mkoba wake ulikutwa ufukweni, disketi hii ikiwa ndani, kwenye kijiti alipoutundika kabla ya kupanda. Yeye hakuonekana. Maji yale yana mamba, na watu wa Msimbati, kijiji cha kwao Hashimu, walishamaliza kulizungumza.

Ndugu wa mume walikuwa wamekata shauri. Ijumaa baada ya sala Sheikh angetangaza kifo, na Husna angeingia eda, miezi minne na siku kumi. Sheikh alitaka kitu kimoja tu, karatasi ya polisi iseme kama ipo dalili yoyote ya Hashimu kuwa hai baada ya siku ile. Karatasi hiyo Gaudensi alitakiwa kuiandika kabla ya Alhamisi jioni.

"Mimi ni mke au ni mjane?" Husna alimuuliza Jumanne ya kwanza, na hakuacha kumuuliza. "Niambieni moja, Afande, nijue nalia kilio gani."

Mwalimu Pendo aliweka kidole kwenye kioo, chini ya jina la faili. "Kompyuta inatazama kilichoandikwa baada ya nukta ya mwisho. Barua inaishia na doc, picha inaishia na jpg, ndivyo inavyojua lipi lifunguliwe na programu gani. Hili linaishia na nini?"

"Arobaini na mbili."

"Haijui aina ya faili inayoitwa arobaini na mbili. Ikakuuliza, ukaiambia ni mchoro. Tangu hapo inakutii tu. Faili ni zima kabisa."

"Nani anaandika jina namna hiyo?"

"Hashimu," alisema Husna. "Zile herufi za mwisho alikuwa anazifuta. Alisema zinachafua namba. Barua ina herufi za jalada, ina namba ya jalada, ina folio ya karatasi yenyewe, basi. Miaka kumi na nane ya masjala ya serikali, Afande, huwezi kumbadilisha."

Pendo akalibofya faili kwa kitufe cha kulia, akafungua orodha ya programu, akaichagua Word. Mshale ulikuwa unakwenda kwenye OK.

"Na kile kisanduku cha chini," Husna alisema kutoka kwenye benchi.

"Ahsante, dada. Bila tiki itafungua leo, kesho imesahau." Akaweka tiki, akabofya.

Barua ikafunguka yote, safi, tarehe kumi Machi. Karani Hashimu Nampoto alikuwa anamwarifu Mratibu kwamba kesho yake angesafiri kwa mtumbwi na kurejea jioni ya siku hiyo hiyo. Gaudensi aliisoma kwa sauti. Husna alishika ncha ya mtandio wake, akajifunika mdomo.

Gaudensi, aliyekwishapata moyo, akabofya namba arobaini na moja. Kikafunguka kile kidirisha cha kuuliza programu.

"Si umeshaifundisha?"

"Nimeifundisha arobaini na mbili. Kwake arobaini na moja ni aina nyingine, na arobaini ni nyingine."

"Kwa hiyo kwenye kompyuta yake aliifundisha moja moja?"

"Kila alipoandika barua mpya. Mtu mvumilivu sana."

"Mbishi," alisema Husna, na kwa mara ya kwanza ofisini mle akatabasamu.

Gaudensi hakutabasamu. "Maana yake kompyuta yake ina orodha ya kila namba aliyoifundisha. Orodha hiyo mtu anaweza kuiona?"

"Dakika mbili."

"Ufunguo anao Mratibu Mathayo, naye yuko Dar."

Husna alifungua pochi yake, akatoa kamba yenye funguo tatu, akamwekea mezani. "Na mwingine ni huu."

Ofisi ya mradi ilikuwa nyumba ya kupanga Magomeni, vyumba viwili na baraza. Mradi ulisimama karani alipopotea, na masika yalikuwa yameuvimbisha mlango. Husna aliingiza ufunguo, akaunyanyua mlango kidogo kwa mkono wa kushoto, akausukuma kwa goti. Ukakubali.

"Tangu apotee sijakanyaga hapa," alisema, akampisha Gaudensi atangulie.

Mgao uliwapa umeme mpaka saa saba. Wakati kompyuta inawaka, Gaudensi alishusha jalada MM/7 kutoka rafuni. Kila barua ilikuwa na namba yake kwa wino mwekundu kwenye kona ya juu, imezungushiwa duara. Alifunua mpaka mwisho. Folio ya arobaini na mbili, tarehe kumi Machi, nakala ya ile waliyotoka kuisoma. Baada yake hakuna kitu.

Pendo alihesabu faili kwenye folda. Arobaini na mbili. Alibofya moja, likafunguka bila swali. Akabofya jingine, nalo hivyo hivyo. Hapa kila namba ilijulikana. Akafungua orodha ya aina za faili, na namba zikaja juu kabisa, zimepangwa kwa akili ya mashine, moja ikifuatwa na kumi, na mbili ikiwa mbali huko chini.

"Nisomee za arobaini," alisema Gaudensi, jalada mkononi.

"Nne. Arobaini. Arobaini na moja. Arobaini na mbili. Arobaini na tatu. Tano."

"Rudia."

Pendo hakurudia. Aligeuka akamtazama.

"Jalada linaishia arobaini na mbili," alisema Gaudensi.

"Folda pia."

"Basi kuna mtu aliandika ya arobaini na tatu hapa hapa, akaifundisha kompyuta, kisha barua ikaondolewa. Lini?"

"Kompyuta ina daftari lake la ndani. Nikilitoa kama maandishi litatupa tarehe na saa." Alibofya hapa na pale, ukurasa wa maandishi madogo ukajaa kioo. Aliutafuta mstari, akausoma, akausoma tena. "Tarehe mbili Aprili. Saa nne na dakika kumi na saba asubuhi."

Mtumbwi ulipinduka Machi kumi na moja.

Gaudensi hakuwa mtu wa kushangilia. Alitazama kwanza saa ya kompyuta, akailinganisha na ya mkononi. Ya kompyuta ilikuwa nyuma dakika tatu. Tarehe ilikuwa sahihi. Aliandika yote mawili kwenye kijitabu, akaingiza disketi, akamwomba Pendo anakili ule ukurasa. Kisha akampigia simu Mathayo.

"Niko Dar tangu tarehe ishirini Machi," sauti ya Mratibu ilisema. "Ufunguo ninao hapa mezani. Na hiyo habari ya kufundisha kompyuta namba, Sajini, usiniingize. Mimi dirisha likiniuliza kitu nilikuwa namwita Hashimu."

Gaudensi alikata simu, akabaki amesimama katikati ya chumba. "Si mwizi. Mwizi angeondoka na kompyuta. Aliyekaa hapa alijua namba inayofuata ni ipi. Alijua herufi za mwisho zinafutwa. Alijua kuifundisha mashine, na alipata ufunguo. Watu wa namna hiyo duniani ni wangapi?"

"Mmoja," alisema Pendo.

"Basi Hashimu Nampoto alikuwa hai tarehe mbili Aprili."

Husna alikuwa amesimama karibu na dirisha. "Sema tena, Afande."

"Nini?"

"Hivyo ulivyosema."

"Alikuwa hai. Tarehe mbili Aprili."

Alifumba macho, akashika ukingo wa dirisha. Mlangoni nako kulikuwa na mtu.

"Nani alikuwa hai?"

Alikuwa Hemedi Nampoto, kaka mkubwa wa Hashimu, mpakiaji wa bandarini, ametoka zamu na yale mashati mawili ya kubebea mizigo bado mwilini. Alikuwa amemfuata Husna ampeleke kwa fundi kupimwa nguo za eda. Ni yeye aliyelisukuma jambo hili tangu mwezi wa nne. Ni yeye aliyempelekea Sheikh maneno, na aliyemwambia Husna mbele ya wakwe kwamba maiti wana haki zao hata wakiwa majini. Gaudensi alikuwa amemwandika zamani kwenye kijitabu, kwa sababu mtu mwenye haraka na msiba huandikwa.

Mpelelezi alimweleza kwa maneno machache. Namba, tarehe, saa.

Hemedi alikaa chini, sakafuni, mgongo ukutani. Alifuta uso kwa mikono yote miwili na mikono ikabaki usoni. Alipoitoa, macho yalikuwa yamelowa, na haraka yote iliyoandikwa kwenye kijitabu ilikuwa imemtoka.

"Mama hali," alisema. "Tangu mwezi wa tatu, uji tu, nao mpaka tumbembeleze. Mimi nilisema tumalize, Afande. Tumzike hata bila mwili, labda mama atakula. Mimi ndiye niliyesema." Akajikokota, akainuka. "Nnaenda Msimbati sasa hivi. Kuna mtu wa pikipiki hapo nje. Mama akilisikia hili, atakula leo leo."

"Ngoja kidogo, bwana Hemedi."

"Ningoje nini?"

Gaudensi alikuwa na mazoea. Mazoea yake yalikuwa kwamba kabla ya kumruhusu mtu yeyote aondoke na neno la polisi mdomoni, hufungua faili lake akasoma mwanzo mpaka mwisho. Alilifungua juu ya meza ya Hashimu. Ramani ya mdomo wa mto. Maelezo ya mwenye mtumbwi. Orodha ya vitu vilivyokutwa ufukweni na kukabidhiwa kwa familia, tarehe kumi na nane Machi: mkoba mmoja, viatu jozi moja, funguo tatu kwenye kamba. Amekabidhi, Sajini G. Mapunda. Amepokea, Husna Bakari.

Aliisoma saini yake mwenyewe. Asubuhi nzima alikuwa anatafuta ufunguo kwenye mfuko wa mtu aliyepotea, na ufunguo aliutoa yeye, kwa mkono wake, na leo umefungua mlango mbele ya macho yake. Aliutazama ule mlango uliovimba. Mtu asiyeukanyaga tangu kabla ya masika angejuaje kwamba sasa unataka kunyanyuliwa na goti? Kisha akakumbuka benchi la ofisini kwake na ile sauti iliyomkumbusha mwalimu wa kompyuta kuweka tiki.

Hakuinua macho. "Mwalimu, barua ikifutwa inakwenda wapi?"

"Kwenye pipa la takataka. Kama hakuna aliyelimwaga, imo bado."

"Tazama."

Hemedi alikuwa ameshafika barazani. Walimsikia akimwita mwenye pikipiki.

"Shemeji," Husna alisema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia kwa nguvu. "Shemeji Hemedi, usiende. Rudi ndani."

Alirudi, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango.

"Ni mimi," alisema Husna.

Aliushika mgongo wa kiti cha Hashimu.

"Alinifundisha mwenyewe. Ramadhani iliyopita nilikuwa namletea futari hapa, akimaliza kula ananikalisha kwenye hiki kiti. Barua yake mwenyewe alikuwa ananiachia mimi niitie tiki. Tarehe mbili mwezi wa nne nilikuja nikakaa nikaandika. Kisha nikaona aibu, nikafuta. Sikujua kama kompyuta inakumbuka."

"Ulijua tangu namba iliposomwa," alisema Gaudensi.

"Nilijua."

"Ukaniacha nikasema."

"Hakuna mtu aliyesema neno hilo tangu mwezi wa tatu, Afande. Kila ninapopita ni marehemu, marehemu. Hata watoto. Wewe ukasema yuko hai, kwa sauti ya serikali, na sababu zako umezipanga. Nikataka nilisikie mara moja, kisha niseme. Nikataka mara ya pili. Sikujua kama shemeji ataingia." Alimgeukia Hemedi. "Nisamehe. Nimekupa kitu halafu nakunyang'anya."

Hemedi alitazama sakafu. "Ungeniacha nifike Msimbati," alisema taratibu. "Mama angekula walau leo."

"Na Ijumaa ungemwambia nini?"

Hemedi aliiachia fremu ya mlango, akaingia ndani.

Pendo alikuwa ameitoa ile barua pipani na kuirudisha kwenye folda. MM.7.43. Aliibofya, na kompyuta, iliyofundishwa vizuri, ikaifungua bila swali. Aliiona mistari ya kwanza, akainuka kitini, akaenda kusimama barazani. Gaudensi aliisoma kwa sababu ni kazi yake, na Hemedi akaisoma juu ya bega lake, midomo ikitembea.

*Kumb. Na. MM/7/43*
*2 Aprili 2003*

*Ndugu Hashimu S. Nampoto,*
*Popote Ulipo.*

*YAH: KURUDI NYUMBANI*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*2. Tafadhali rejea maneno yako ya asubuhi ya tarehe 11 Machi, kwamba nisiende sokoni, utarudi na samaki. Mpaka naandika barua hii samaki hawajapokelewa.*

*3. Kwa barua hii unaombwa kurudi nyumbani mara moja. Si lazima uwe na samaki.*

*4. Endapo lipo kosa nililofanya, naomba nielezwe kwa maandishi.*

*Nakutakia kazi njema.*

*Husna Bakari*
*Mkeo*

Hemedi aliweka kidole kwenye kioo, kwenye namba nne. "Kosa gani?"

"Asubuhi ile nilimwambia anaipenda masjala kuliko nyumba," alisema Husna. "Alikuwa ananyoosha shati, nami nikasema hivyo. Akacheka, akaenda. Sijui kama alicheka kwa sababu hakuumia au kwa sababu alikuwa na haraka."

"Hashimu hakuwa anacheka akiumia," alisema Hemedi. "Mimi nimekua naye. Akiumia alikuwa ananuna siku tatu."

Husna alilipokea hilo kwa kutikisa kichwa mara nyingi, machozi yakimtoka bila sauti, na Hemedi akasimama karibu naye kwa namna ya shemeji, asimguse na asiondoke.

Gaudensi alifunga faili lake. Alikuwa amekasirika na hakujua amkasirikie nani. Ukurasa wa tarehe alikuwa nao kwenye disketi, na sasa ulikuwa na maelezo yake. Dalili ilikuwa moja tu, na hiyo moja ilikuwa mwanamke anayemkumbuka mumewe. Alichukua karatasi, akaandika juu yake: *Kwa Sheikh*. Kalamu ikasimama hapo.

"Mwalimu," Husna aliita. Pendo akarudi. "Naweza kuiambia isahau? Hiyo arobaini na tatu. Ibaki na zake yeye tu."

"Inawezekana. Nikufanyie?"

"Nionyeshe. Nitafanya mwenyewe."

Alikaa kwenye kiti cha Hashimu. Pendo alimfungulia ile orodha, akamwonyesha pa kubofya, akarudi nyuma. Husna aliitafuta arobaini na tatu, akaichagua, akabofya neno la kufuta. Kompyuta haikufuta. Ilimfungulia kidirisha kidogo, ikamuuliza kama ana hakika.

Alikaa akilitazama swali lile. Kalamu ya Gaudensi ilikuwa bado juu ya karatasi. Nje pikipiki ilikuwa inamngoja mtu wa kwenda Msimbati, injini ikiwaka.

"Shemeji," alisema Hemedi, "hakuna haraka."

Husna alibofya ndiyo. Orodha ikajipanga upya, tano ikapanda juu kushika nafasi. Akaviweka viganja vyake viwili mezani, juu ya mbao, akaviacha hapo.

"Andika, Afande," alisema. "Mume wangu alifariki tarehe kumi na moja Machi."